Kifuko cha Mwisho cha Mama Sabina

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa ofisini na chambo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Mwenye ndoto nyumbani kwetu alikuwa marehemu mke wangu, Nyangeta, ambaye aliota ndoto ndefu zenye majina ya watu na rangi za nguo zao, akazisimulia asubuhi mpaka chai ikapoa. Mimi nikilala nimelala. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni wa kambi ziwani, upande huu wa Musoma, wakavue sangara kwa fimbo, na mtu aliyeshinda juani akiwakinga wageni wasijitoboe masikio kwa ndoana hana nguvu ya kuota. Kwa hiyo hii naieleza kama ilivyokuja, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Ofisi ilikuwa ndani ya kabati letu la jikoni. Niliingia bila kuinama, jambo ambalo halikunishangaza. Ndani kulikuwa na benchi, kalenda ya mwaka juzi, na meza. Nyuma ya meza alikaa chambo wa mpira, wa kijani, urefu wa kidole cha shahada, mkia kama kijiko, amevaa miwani ya kusomea.

"Mafuru Wandwi," akasema, macho kwenye faili.

"Ndiyo mimi."

"Mume wa Nyangeta, kwa jina la nyumbani Mama Sabina, aliyekuwa akitengeneza vyambo vya mpira na kuvipaka harufu."

"Ndiye."

"Una kifuko chake."

Nikaitazama kalenda.

Hapa inabidi nitoke nje ya ndoto kidogo, la sivyo mtu ataniona sina akili. Vyambo vya mpira ndivyo wageni wanavyovulia. Ni laini kama sikio, vina umbo la samaki mdogo, na sangara akiking'ata kimoja hajui kwamba amedanganywa mpaka amechelewa. Wageni wakiondoka huacha vile vilivyokatika mikia. Nyangeta alivikusanya, akavitenga rangi kwa rangi, akaviyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, akavimimina kwenye kalibu ya plasta aliyoichonga mwenyewe kwa umbo la furu, samaki mdogo anayeliwa na sangara. Vikipoa alivipaka harufu ya kuficha harufu ya mtu, maana samaki akinusa mkono wa binadamu anageuza njia. Harufu yake ilikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza mafuta ya dagaa. Cha pili kitunguu saumu. Cha tatu alikitia nikiwa sipo. Kila alipofika hapo alinituma mkaa, hata kama gunia limejaa.

Masharti alikuwa nayo, na aliyabandika ndani ya mlango wa kabati kwa mwandiko wake wa kulala. Kila chambo na wenzake wa rangi moja, kwa sababu rangi huambukizana. Visiwekwe kwenye chombo cha plastiki ngumu, vitakiyeyusha na vyenyewe vitayeyuka. Vilazwe vimenyooka, kwani kilichopinda hakiogelei sawa, na kikishapinda dawa yake ni maji ya moto. Harufu zisichanganywe. Vyenye chumvi ndani visiachwe wazi, vitakauka na kukakamaa. Na mwenye sabuni mikononi asiguse kitu.

Alifariki miezi minane iliyopita, kwa homa ya siku nne. Siku ya kuanua matanga dada yangu Nyamisi alitaka kunisaidia, akasafisha nyumba nzima. Alikuta vifuko vya Nyangeta, akasikia vinanuka, akavimwaga vyote kwenye beseni la sabuni ya unga. Akavisugua, akavianika juani, akavipanga ndani ya hotpoti mpya. Jioni aliponifunulia, palikuwa na bonge moja la rangi ya matope, limeshikana na hotpoti, linanukia maua. "Nyumba sasa ni safi, kaka," alisema. Nikamwambia asante. Tangu siku hiyo sijala kwake, na akinipigia simu nasema niko ziwani.

Kilipona kifuko kimoja cha zipu, chenye vyambo saba, kwa sababu kilikuwa kwenye boksi la spana za mashine ya boti. Nikakilaza chini ya kitanda. Sijakifungua. Mle ndani ndimo ilimobaki harufu ya mkono wa mke wangu, na nikikifungua itatoka, na ikitoka sina nyingine.

"Una kifuko," chambo wa kijani akarudia.

"Ninacho."

"Kimekaa miezi minane. Kifuko kikikaa miezi minane bila kufunguliwa kinakuja kwetu. Mwisho ni leo saa kumi jioni. Ama ukifungue uvitumie, ama tukiyeyushe."

"Nikikifungua harufu itatoka."

"Itatoka."

"Na haitarudi."

Akafunua ukurasa. "Mimi ni karani tu," akasema.

Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akashusha pumzi, akavuta mtoto wa meza, akatoa fomu iliyokuwa na mafuta mafuta. Ipo, akasema. Ningeweza kuhifadhiwa pamoja nacho mpaka hiyo saa kumi, nikae nikifikiri. Lakini saa kumi ni saa kumi, na ikifika sijaamua, nitayeyushwa nacho. Nikasema sawa. Akaniambia nisome masharti kwanza. Nikamwambia sina haja, nimeishi nayo miaka ishirini na moja.

"Wewe ni wa mafuta au wa chumvi?" akauliza, kalamu mkononi.

"Sijui."

Akazunguka meza, akapanda juu ya goti langu, akanigusa chini ya jicho kwa ncha ya mkia, kisha akaionja.

"Chumvi," akasema, akaandika. "Nyingi. Usiachwe wazi."

Sasa niko ndani ya kifuko cha zipu, nimelazwa chali, mikono imenyooshwa. Juu yangu nailoni inaonyesha dari, na kwenye dari naona tundu lile nililoahidi kuliziba. Kifuko cha Mama Sabina kiko kifuani pangu, ndani ya mfuko wa koti. Pembeni yangu kalala chambo mweusi, mrefu, asiye na mkia.

"Samahani," akasema. "Ninatoa rangi."

Nikaangalia kiwiko changu. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Nikamwambia hakuna shida.

"Mimi hata sikupaswa kuwekwa na wewe," akasema. "Lakini walisema sote wawili tumepungukiwa."

Alikuwa mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekaa sana kwenye foleni. Akaniambia alitengenezwa siku ya Jumanne, kwa mabaki. Akasema Mama Sabina alipowatoa kwenye kalibu aliwapuliza mmoja mmoja ili wapoe, na aliyetoka na tundu tumboni hakumtupa, alimwambia pole akamrudisha kwenye sufuria. Hilo la pole nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimekaa naye jikoni miaka yote hiyo, nikimsikia akiwapa pole vipande vya mpira, na nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Mkia ulikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa sangara. Wa kumi na moja. Kumi wa kwanza walikuwa wastaarabu."

"Uliumia?"

Akafikiri. "Mkia uliumia. Mimi nilifurahi kwamba mtu amekuja."

Tukatazama dari. Nikamwambia ninacho kifuko cha mwisho na siwezi kukifungua. Akasema anajua, kila mtu kabatini anajua. Nikamwomba basi aniambie kitu cha tatu ni nini, kwa sababu nikikijua nitaweza kuitengeneza harufu ile tena, nami nitakifungua bila hofu. Akasema hawezi. Waliapishwa, wote, kabla ya kuingizwa ndoana.

"Lakini umepinda," akaniambia.

"Wapi?"

"Shingo. Ukiogelea hivyo utakwenda kwa kuzunguka."

Nilijaribu kuinyoosha, ikakataa. Ni kweli, tangu msiba shingo yangu imeelekea kushoto, upande aliokuwa akilala.

Kifuko kikainuliwa. Nikaona sebule, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na pazia la zambarau, nikajua tuko kwa dada Nyamisi. Alikuwa amejifunga kanga mbili na kitambaa kichwani, tayari kwa kazi. Mbele yake beseni lilikuwa limejaa povu hadi pomoni, na kando yake ilikuwapo ile hotpoti.

"Dada," nikasema kutoka ndani ya kifuko. "Usimwage."

Hakunisikia. Akafungua zipu yangu. Hotpoti ikakohoa.

"Shangazi, naomba niseme," hotpoti ikasema. "Mimi ni plastiki ngumu. Hawa siwezi kukaa nao. Si kwamba nawabagua."

"Kaa kimya," dada akaiambia. "Leo nyumba ya kaka yangu itanukia."

Akatumwaga kwenye povu mimi na yule mweusi, akatusugua kwa mikono miwili, bila haraka, kama alivyonisugua nilipokuwa mdogo na yeye ndiye aliyeachiwa kunitunza. Mikono yake ilikuwa na joto. Kisha akatupanga ndani ya hotpoti, akatuweka dirishani juani. Nikaanza kulainika. Bega langu la kushoto likawa la chambo mweusi, naye akaniomba radhi tena. Chini yetu hotpoti ikawa inalia polepole na kusema ilikwisha kueleza.

Wakati huo ndipo nilipomwambia dada neno ambalo sijawahi kumwambia nikiwa macho.

"Dada Nyamisi, uliosha harufu yake."

Safari hii alisikia. Akageuka, povu likimtiririka viwikoni.

"Mimi sikujua kama ni yake, kaka. Nilidhani ni uvundo."

"Ilikuwa vyote viwili."

Akakaa chini sakafuni kando ya beseni. Dada yangu ni mtu mzima, ana wajukuu, na sikuwahi kumwona akikaa sakafuni bila mkeka. Akasema siku ile alikuwa hajui afanye nini na mikono yake. Watu wote walikuwa wamekwisha kuondoka, mimi nimekaa uani sisemi, na yeye akaona jambo pekee analoliweza ni kufua. Akalia. Nikataka kumshika, lakini mkono wangu ulikuwa tayari sehemu ya hotpoti.

"Si kosa lako," nikasema.

"Ungeniambia zamani."

"Nilikuwa ziwani."

"Miezi minane?" akauliza. Lilikuwa swali la haki.

Povu likapanda. Lilipanda kwenye makochi, likafunika vitambaa, likafika dirishani, likawa jeupe na lenye mikunjo, na nilipolisukuma likawa shuka. Niko wodini. Ni mchana, saa ya kutazama wagonjwa, na nimerudi kuwa mtu, isipokuwa kiwiko bado ni cheusi. Kifuko kiko mkononi.

Mlangoni amesimama nesi. Ni mche wa sabuni, wa bluu, na kofia yake imepachikwa vizuri.

"Nawa mikono, mzee," akasema.

Nilimtazama. Alikuwa amekwisha kuwa mwembamba sana kiunoni, kwa sababu kila anayeingia alimshika.

"Nilikwisha kunawa," nikamwambia. "Siku ile. Nilinawa mara tatu."

Ni kweli nilinawa, na hili sijamwambia mtu. Siku ya nne ya homa nilitoka ziwani moja kwa moja, nikafika wodini, wakaniambia ninawe. Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nilitaka niende kwake msafi, kama alivyonifundisha mwenyewe, nisije nikamwongezea ugonjwa. Nikakaa kitandani, nikampa mkono. Akauleta puani, akaunusa, akaunusa tena, kisha akaurudisha kwenye shuka taratibu. "Baba Sabina," akasema, "mikono yako leo haina mtu." Akageukia ukutani. Nikadhani ni homa inayosema. Nikatoka kwenda kumtafutia uji, na niliporudi alikuwa amekwisha kuondoka.

Miezi minane neno hilo limekaa kooni kwangu, na sijui lilitaka jibu gani.

"Pita hivyo hivyo," nesi wa sabuni akasema, akasogea. "Mimi mwenyewe nimechoka kuisha."

Kitanda kilikuwa tupu. Godoro lilikuwa na bonde lake, upande wa ukutani. Dirishani alikaa karani wa kijani, faili mapajani, na juu yake saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika sita.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Unaye mkononi."

"Nikifungua ataondoka."

"Usipofungua tutamyeyusha akiwa humo," akasema, si kwa ubaya. "Mafuru, mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Chambo kisichotumika nacho huharibika, ila hakuna anayekiona."

Saa kumi kasoro dakika nne. Nilikaa kitandani. Nilikuwa naogopa, nasema wazi, kuliko nilivyowahi kuogopa ziwani mashine ilipozimika na mawimbi yako juu. Nikaishika zipu. Vidole havikutaka. Nikafikiria jinsi alivyogeukia ukutani, na kwamba kama yuko humu ndani basi bado amegeukia huko, ananisubiri nilete mkono wenye mtu.

Nikafungua.

Dagaa walitangulia. Kisha kitunguu saumu. Kisha godoro likabonyea na Nyangeta akawa amekaa, anarekebisha kanga, anaangalia shuka la hospitali kwa jicho lake la kukagua.

"Hili halijaanikwa likakauka," akasema.

"Mama Sabina."

"Abee."

Akachukua chupa ya chai iliyokuwa kwenye kimeza, akamimina maji ya moto kwenye bakuli.

"Lete shingo," akasema. "Nani alikulaza vibaya hivi?"

Akanikanda kwa maji ya moto, akaishika shingo yangu kwa mikono miwili, akainyoosha polepole na kungoja ipoe akiwa bado ameishika. Haikuuma. Kisha akaniambia nilete na mkono. Nikampa wa kuume. Akauleta puani.

Nilingoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile.

"Ee," akasema. "Sasa ni wewe."

Nikamwambia anisamehe, niliambiwa ninawe. Akasema anajua, alijua hata siku ile, ila alikuwa amechoka na alikuwa akinitafuta, na mtu aliyechoka hatafuti kwa macho. Akasema alisikia nimekaa pale, alisikia godoro, lakini pua yake ikamwambia ni mtu wa hospitali. "Nikaona nisimsumbue," akasema. Hapo nikalia mbele ya karani na mbele ya nesi, na wote wawili wakatazama pembeni.

Saa kumi kasoro dakika mbili.

"Niambie kitu cha tatu," nikasema. "Nikitengeneze. Nisikupoteze."

Nyangeta akacheka kile kicheko chake kifupi cha puani.

"Hukuwahi kukinusa?"

"Nilinusa dagaa. Nilinusa kitunguu. Kingine nilidhani ni wewe."

"Hukuweza kukinusa. Watu wote duniani wangeweza isipokuwa mmoja." Akaupigapiga mkono wangu. "Ni lile shati lako la bluu la kazi. Ukitoka juani nalo, kabla sijalifua. Nilikata kipande nyuma, chini kabisa, pale unapochomekea. Nilikichemsha ndani ya mafuta, kila mara kile kile, nikakikamua, nikakianika."

"Umekata shati la kambi?"

"Ndiyo maana nilikuwa nakutuma mkaa."

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeandika kwa mkono wake kwamba harufu zisichanganywe, tena kwamba kazi yote ya ile harufu ni kuficha mtu. Akasema aliandika kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa kumwagamwaga, nikiachiwa chupa mbili natengeneza ya tatu. Na kuhusu kuficha, akasema alijaribu mwanzoni, harufu safi isiyo na mtu. Vyambo vilikwenda ziwani, mishipi ikakatika, havikurudi.

"Nikaona lazima vijue ni vya nani," akasema. "Wewe ulikuwa unakaa huko siku tatu, nne. Nilitaka kila kitu ninachokipeleka huko kijue kirudi kwa nani."

"Kwa hiyo miezi minane chini ya kitanda nimetunza—"

"Umejitunza mwenyewe," akasema. "Na mimi kidogo. Tumechanganyika, Baba Sabina. Hatuwezi tena kutengwa rangi kwa rangi."

Karani akafunga faili. "Saa kumi," akasema, kwa upole.

Nyangeta hakuaga. Kitunguu saumu kiliondoka kwanza, kikapitia dirishani karibu na karani, naye akasogeza miwani kukipisha. Kisha mafuta ya dagaa, pole pole, kama mtu anayeinuka bila kutaka kuamsha wengine. Godoro likarudi juu. Nikabaki nanusa hewa. Kwa pua yangu chumba kilikuwa kitupu, hakikuwa na harufu yoyote, na nikaelewa kwamba pua yangu ndiyo pekee isiyoweza kuulizwa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Uani Sabina, binti yetu, alikuwa akifagia. Nikainama chini ya kitanda, nikakitoa kifuko. Zipu ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha, vyambo saba, vimenyooka. Nikajiambia, haya, hata wewe umeanza kuota kama mkeo, kanawe uso uende kazini.

Shati la bluu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, bado na jasho la jana. Nimelivaa miaka sita, na siku zote nalichomekea, ni sheria ya kambi. Nililishika niligeuze tu, kwa kujithibitishia kwamba ndoto ni ndoto. Nyuma, chini kabisa, palikuwa pamekatwa kipande cha mraba, ukubwa wa kiganja. Kingo zake zilikuwa zimekunjwa na kupindwa kwa mkono, kwa uzi wa bluu uliotafutwa mpaka ukafanana, mishono midogo midogo iliyobanana, ili nguo isiendelee kuchanika na mimi nisijue.

Nililileta puani. Sikusikia kitu.

"Sabina," nikaita.

Akaja na ufagio mkononi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu nusa hapa."

Hakuuliza kwa nini. Akaegemeza ufagio ukutani, akalichukua shati kwa mikono miwili, akaliweka usoni. Akakaa nalo muda mrefu. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Linanukiaje?" nikamuuliza.

"Kama jikoni," akasema ndani ya kitambaa, "siku mama akitengeneza vyambo."

Akalishikilia. Mimi nikakaa kitandani, kifuko mapajani, nikamwachia.